Kola na Mkaguzi Wake

Kiwandani kwetu, mahali panaposhonwa mashati, kuna mke na mume wanaolala kitanda kimoja na kusalimiana kazini kama mawakili wa pande mbili za kesi. Mume anashona kola, na jina lake lenyewe limeshapotea. Tunamwita Kola, hata mlinzi wa getini anamwita hivyo. Mke ni mkaguzi. Anakaa mwisho wa laini, yaani safu yetu ya cherehani, kwenye meza yenye taa kali, na kila shati lenye kasoro analibandika kibandiko chekundu chenye mshale, kisha linarudishwa kwa aliyelishona. Asubuhi wanafika pamoja, mke kabeba mkoba, mume kabeba chakula cha wote wawili. Wakivuka geti, basi, ndoa inabaki nje. Ya nyumbani hayaingii kiwandani, ya kiwandani hayaendi nyumbani. Waliwekeana kiapo hicho tangu wakiwa wachumba, na wote tunakiheshimu, isipokuwa mimi, ninayeshona mikono ya mashati huku mdomo wangu hauna kazi.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, Kola alipagawa kwa furaha. Sijui niseme nini kingine. Mtu mzima, ana wajukuu, akawa anaingia kazini kwa kucheza. Aliimba kuishinda cherehani yake. Alimwita kila mtu "mwanangu", hadi mkurugenzi. Akaanza kututangazia mipango: atalala mpaka jua limpige usoni, atajifunza kuogelea, atafuga ndevu. "Ng'ombe hazeeki maini!" alisema, akakanyaga pedali, cherehani ikatoka mbio, na kola ikaibuka imepinda kama mdomo wa mtu aliyenusa maziwa yaliyochacha.

Balaa likaanzia hapo. Tulikuwa tumeletewa msimamizi mpya, kijana mwenye haraka, anayekula chakula cha mchana akiwa amesimama. Alitaka mashati zaidi, kila siku mashati zaidi, maana na yeye juu yake kulikuwa na wakubwa wanaomkaba koo, maskini. Akaona mashati yanayorudi kwa Kola yanaongezeka. Akamwendea, tena kwa adabu.

"Mzee wangu, naona kazi imeanza kukuchosha. Mwezi huu yakiendelea kurudi hivi, nitakuhamishia chumba cha kufungasha, umalizie mwaka wako kwa raha."

Kwa raha! Kumpeleka fundi wa kola akakunje mashati ya wenzake na kuyatia kwenye maboksi ni kumwambia mpishi akaoshe sahani. Siku ile Kola hakuimba tena. Alikuwa anataka kitu kimoja tu, atoke kiwandani akiwa fundi, amekaa kwenye cherehani yake. Na aliyekuwa akimrudishia mashati ni nani? Mama watoto wake.

Nikajipa ubalozi. Wakati wa mapumziko nikaenda kwenye meza ya ukaguzi.

"Dada, mwenzio anapelekwa kwenye maboksi. Fumba jicho moja, japo mwezi huu tu."

"Mwenzangu nani?" akaniuliza, huku anageuza shati chini ya taa.

"Usinifanye mtoto mdogo."

"Hapa sina mwenzangu, nina mafundi. Kola ikipinda imepinda. Nikiipitisha hii kwa sababu mwenyewe namfulia soksi, wewe nitakwambia nini nikikurudishia mkono wa shati?"

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Kesho yake Kola akaenda mwenyewe, kofia mkononi, amesimama wima. Laini nzima ikapunguza mwendo ili isikie.

"Mheshimiwa mkaguzi, nina malalamiko."

"Malalamiko yanapitia kwa msimamizi wako, fundi."

"Huyo msimamizi ndiye anayenilalamikia mimi."

"Basi mmeshakutana. Anayefuata!"

Tulicheka mpaka mtu akavunja sindano. Lakini nilimwona yule mama alipoinamia shati lililofuata. Aliligeuza mara tatu bila kulitazama. Nilimhurumia na kumkasirikia, vyote kwa pamoja.

Na ugonjwa wa Kola sote tulikuwa tunaujua. Macho. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano kwa kubahatisha, ulimi nje. Miwani alikuwa nayo, binti yao alimnunulia, lakini aliificha mfukoni, eti inamfanya aonekane mstaafu. Mkewe alijua kuliko sisi, ila alifungwa na kile kiapo. Nyumbani hakuweza kumweleza kwa nini mashati yanarudi. Kiwandani hakuweza kumsema mumewe kuhusu macho yake. Watu wazima hawa, jamani!

Mwezi ulipokaribia kwisha, yakarudi mashati matatu kwa mpigo. Msimamizi akatoka ofisini kwake, anakuja polepole, na tukajua anakuja kusema nini. Ndipo mkaguzi akanyanyuka. Sikuwahi kumwona akiacha meza yake kabla ya kengele. Akapita kwa watu wa vifungo, akapita kwangu, akampita msimamizi bila hata salamu, akasimama mbele ya mumewe na kupaza sauti iliyozizidi cherehani zote.

"Baba watoto!"

Mashine zikanyamaza. Kola akaruka kitini kana kwamba kafumaniwa.

"Hapa ni kazini," akanong'ona.

"Najua ni kazini! Jana umepiga mswaki kwa krimu ya kunyolea. Juzi umelisalimia koti langu ukutani, ukaliuliza mbona limenuna. Vaa miwani, mume wangu, nakuomba. La sivyo nitakurudishia mashati mpaka wakupeleke kwenye maboksi, na mimi nitalia peke yangu, maana kukwambia siruhusiwi!"

Fundi mmoja wa vifungo akapasuka kwa kicheko, laini nzima ikafuata, na msimamizi naye akashika ukingo wa meza asianguke. Kola alicheka mpaka akajipangusa machozi. Akaitoa miwani, akaivaa, akatazama huku na huku kama mgeni, mwisho akamtazama mkewe.

"Kumbe bado mzuri hivi," akasema.

"Shona," akajibiwa.

Maboksi yakamkosa. Mashati yake yakawa yanarudi moja moja, kama yetu sote, na kiapo cha getini kikafa kifo chema. Wakawa wanakula benchi moja, wanagombana kuhusu chumvi mbele yetu, na sisi tunachagua upande. Kola akaanza kuimba upya. Sijawahi kufurahia kazi kama miezi ile.

Siku yake ya mwisho alishona shati moja la kuagia, akatupitishia sote tulishike, kisha akalipeleka mwenyewe kwenye meza ya ukaguzi. Mkaguzi akaliweka chini ya taa. Akaligeuza. Akazilinganisha ncha za kola, akazilinganisha tena. Halafu akachukua kibandiko chekundu, akakibandika.

"Haiwezekani!" Aliyepiga kelele ni msimamizi. Shati likazunguka laini nzima, macho yote yakalichunguza, na kosa halikuonekana. Kola akarudi pale mezani.

"Mama, kosa liko wapi?"

"Hakuna." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Likipita hili, umeondoka. Mimi nitarudi hapa kesho na nani?"

Kola akalichukua shati, akarudi kwenye cherehani yake, akashika wembe. Akaifumua kola yote, uzi kwa uzi, akaanza kuishona upya. Msimamizi akaitazama saa yake, kisha akaivutia mkono wa shati, ikafunikwa. Mkaguzi akaburuta kiti, akaja kukaa pembeni ya mumewe.

"Usiharakishe," akamwambia. "Na hiyo ncha ya kushoto naona imeshaanza kupinda."

Kola akacheka, akapunguza mwendo.