Chai ya Saa Nne

Nilimsikia kabla ya kumwona. Shwaa, kimya kidogo, kisha shwaa tena. Ilikuwa epuroni yake ya plastiki ikikwaruza vichaka vya chai vilivyolowa. Huku kwetu, juu kidogo ya Kimulot, ukungu hutoka msitu wa Mau na kulala mashambani mpaka jua lipate nguvu ya kuuinua. Asubuhi mtu huwa sauti kwanza, halafu kofia, halafu kikapu mgongoni. Kwa miaka tisa sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha. Nilipokuwa mtoto nililivuta blanketi nikajua kwamba ulimwengu umeanza kazi bila mimi, na kwamba ningekula.

Alikuwa mchumaji wetu, mwanamke wa kutoka milima ya Kisii. Alikuja kwetu baada ya shamba kubwa alikofanya kazi kuleta mashine za kuchuma, na chumba alichopewa kambini kikarudi kwa wenyewe pamoja na kazi. Mama hakumtafuta. Alipita tu barabarani na kikapu kitupu, akasimama kwenye ua, akasema chai yenu imezidi kukomaa. Siku hiyo hiyo akaanza, akapanga chumba kijijini, yeye na watoto wake.

Tulimhitaji kuliko tulivyokuwa tayari kukiri. Vidole vya mama vilikuwa vimevimba kwenye viungo, na baridi ya huku haikuvihurumia. Baba alikuwa amefariki. Wadogo zangu wawili walikuwa shuleni. Chai yetu, ile ekari moja na kipande inayoshuka hadi kijitoni, ndiyo iliyotulisha sote, na bila mikono ya yule mwanamke ilikuwa ua la kijani tu, zuri la kutazama.

Mimi nilirudi nyumbani mwaka jana na shahada iliyolala ndani ya bahasha. Hakukuwa na kazi. Nilikula, nikalala, nikasoma, nikaona aibu. Nikaanza kutazama jinsi mama alivyoendesha jikoni. Alinunua vitu kwa macho. Alichungulia debe la unga, akatikisa mkebe wa sukari karibu na sikio, akaamua. Pesa ya majani iliingia mwanzoni mwa mwezi, na mwezi ukifika katikati tulikuwa tunakula mboga ya managu na ugali, halafu managu na ugali mdogo.

"Nipe mwezi mmoja, mama," nilimwambia. "Nipange mimi."

"Chukua hata miwili," alisema. "Mimi hiyo mambo ya kuandika unga kwa kitabu sijui."

Nilinunua daftari la mistari. Nikaenda Silibwet siku ya soko, ambako ukinunua kwa jumla unaokoa kidogo, nikarudi na vitu vya mwezi mzima: unga, sukari, mafuta ya kupikia, chumvi, mche wa sabuni, kiberiti, na majani ya chai. Ndiyo, majani ya chai. Sisi tunaofungua mlango tukaona chai, tukifunga dirisha tunafungia chai nje, huinunua dukani katika pakiti ndogo ya karatasi kama mtu yeyote wa Garissa, kule ukameni.

Sukari niliigawa katika mikebe minne, mmoja kwa kila wiki, nikaifunga juu kwa plastiki na mpira wa tyubu. Siku mbili tatu za mwisho zingejitafutia. Wiki ya pili haikuruhusiwa kugusa mkebe wa wiki ya tatu. Mafuta niliyapimia kijiko. Mdogo wangu wa kike alisimama mbele ya rafu, mikono kiunoni, akacheka.

"Hata chumvi iko na ratiba?"

"Hata wewe," nilimjibu.

Nakumbuka furaha ya siku zile, na sasa naitazama kama mtu anavyotazama picha yake akicheka katika harusi iliyovunjika. Nilidhani umaskini wetu ulikuwa uzembe. Nilidhani ulihitaji tu mtu mwenye kalamu.

Wiki ya tatu mkebe uliisha Alhamisi. Nikakaa jikoni nikachunguza, nikagundua mahali sukari ilipovujia. Lilikuwa birika la saa nne.

Kila asubuhi, saa nne, mama alimpelekea mchumaji wetu chai shambani: chai nzito ya maziwa, vijiko vitatu vya sukari, na kiazi kitamu au kipande cha ugali wa jana. Hakuwahi kukosa, hata siku ya matanga ya baba. Mimi katika daftari langu nilikuwa nimeiandika chini ya chakula cha nyumbani, pamoja na uji wa watoto, na katika chakula cha nyumbani kila mtu alikuwa amepunguziwa. Nikachora mstari. Maziwa ya saa nne nikampa yule wa pikipiki anayekusanya maziwa. Mchumaji nikampelekea strungi, chai kavu isiyo na tone la maziwa, na kijiko kimoja cha sukari.

Alisimama katikati ya mistari, epuroni ikichuruzika maji, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Akatazama ndani.

"Ng'ombe imekauka?"

"Hapana. Tunabana kidogo. Nimetengeneza bajeti."

"Nilisikia," alisema. "Ukimpa mtu kitabu tu, anageuka karani." Akacheka, nami nikacheka. Akanywa yote. Tangu siku hiyo akaniita karani, na kwa mchumaji wa chai karani ni yule mtu wa mizani ambaye kilo zako hupungua mkononi mwake.

Kuna jambo ambalo kila mtoto aliyezaliwa ndani ya chai analijua. Bei ya kuchuma kilo ni moja huku kote, kutoka kwetu hadi Kiptere. Hakuna mkulima anayelipa zaidi, kwa sababu hakuna mwenye zaidi. Kinachotofautisha shamba na shamba ni chai ya saa nne. Jumapili wachumaji wakikutana nje ya kanisa hawaulizani wanalipwa ngapi. Wanaulizana, "Huko kwenu chai inakuja na nini?" Na kwa jibu hilo hujua pa kwenda Jumatatu. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo tangu nikibebwa mgongoni. Ila hayakuwa na safu katika daftari, basi nikayaacha nje.

Siku ya nne ya strungi nilimwona akimwaga nusu ya kikombe kwenye shina la kichaka. Aliimwaga polepole, kama anayemwagilia mche.

Siku ya tano nilimkuta mama jikoni amenipa mgongo. Alikuwa akimimina maziwa yake ya jioni, kikombe chake mwenyewe, ndani ya kile kikombe cha bati cha shambani.

"Mama, hayo ni ya jioni."

"Ni yangu. Si ya kitabu."

"Hata yako iko kwa kitabu."

Alinitazama. Sijui alichokiona. Labda aliona karo zote alizonilipia zimerudi nyumbani zikisimama mlangoni kumzuia. Kisha akayarudisha maziwa kwenye sufuria, yote, akakitikisa kikombe hadi tone la mwisho, akatoka na strungi. Nimeandika mambo mengi tangu siku hiyo na sijapata namna ya kuliandika tone lile likageuka kitu kingine.

Mwezi ukaisha. Daftari likakubali. Unga ulibaki vibaba viwili, na sukari kidogo chini ya mkebe wa nne. Nilimletea mama daftari, nikamwonyesha kwa kidole.

"Umefanya vizuri," alisema. Lakini alikuwa akitazama dirishani. Ilikuwa saa tatu asubuhi, ukungu ulikuwa umeinuka, na shamba lilikuwa kimya.

Alikuwa ameanza kuja siku tatu kwa wiki, kisha mbili. Ng'ambo ya kijito kuna jirani mwenye chai kubwa kuliko yetu, na kwake saa nne inakuja na maziwa na mkate. Hakutuficha. "Namsaidia yule kidogo," alisema, na sisi tukasema ni sawa.

Chai haingoji. Majani mawili na chipukizi ukiyaacha yanakuwa manne, yanakuwa matano, na shina linakuwa gumu kama uzi wa viatu. Mama na mimi tukaingia shambani. Mimi nilichuma kama mtu anayeng'oa magugu. Mama alichuma vizuri, ila kila baada ya mstari mmoja aliingiza mikono kwapani, akasimama, akafumba macho. Tulifikisha gunia moja na nusu kituo cha kununulia majani jioni, tukapanga foleni na wengine.

Karani wa mizani, kijana mchangamfu, alimwaga majani yetu juu ya meza, akachukua shina moja akalikunja. Halikukatika. Lilijipinda tu.

"Mama, hii mmeleta ya kupika ama ya kufagia?"

Foleni ikacheka. Mama pia akacheka, kiganja mdomoni, jinsi watu wa kwetu hucheka wakiwa hawana pa kujificha.

"Chagua tu yaliyo mazuri, kijana wangu," alisema. "Na hayo mengine utupe."

Alichagua. Yaliyopita hayakujaza hata robo ya gunia. Mengine tulirudi nayo tukayamwaga kando ya ua. Hata ng'ombe aliyanusa akageuka. Yalikauka pale yakawa meusi, na kila nilipopita nilinusa harufu ya kiwanda.

Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na ile iliyofuata. Nilifungua daftari nikajaribu kupanga mwezi mpya kutokana na majani yaliyopita kwenye mizani. Nilipunguza sukari, nikafuta mafuta, nikafuta sabuni nikairudisha. Nilipunguza mpaka ikawa hakuna kitu cha kupunguza isipokuwa watu.

Jumanne moja nikasikia shwaa. Nilitoka mbio jikoni. Nilikamua ng'ombe mwenyewe kile kidogo alichobakisha, nikachemsha chai ikawa nzito na nyekundu, vijiko vitatu, nikaongeza cha nne, nikachoma viazi viwili. Nikampelekea. Alikunywa akiwa amesimama, akanirudishia kikombe kikiwa kisafi.

"Ni tamu," alisema, kwa sauti ambayo watu husifia nayo chakula cha matanga.

"Itakuwa hivi kila siku. Nimebadilisha."

"Najua, karani." Akapangusa mdomo kwa mgongo wa mkono. "Lakini yule wa ng'ambo amenipa chumba. Bila kodi. Nimeshamwambia ndiyo, na watoto wangu wanajua." Akatazama mistari ya chai yetu iliyopanda kama nywele zisizonyolewa. "Ningejua mapema mnaweza kubadilisha, ningengoja."

Hakusema kwa uchungu, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilitaka anilaumu. Nilitaka aniambie kwamba kwa miaka tisa nilikula jasho lake na kwamba sikuona haja ya kulitia maziwa. Alinirudishia ganda la kiazi kwenye sahani, akafunga epuroni upya, akachuma hadi jioni, majani mazuri, mawili na chipukizi, yote yakapita kwenye mizani.

Jumamosi alikuja kuaga. Hatukumsikia akija, kwa sababu hakuwa amevaa epuroni. Aliishika mkononi, imeoshwa, imekunjwa mara nne. Akaingia jikoni akakaa kwenye kigoda chake karibu na moto. Mama alifungua kabati akatoa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha.

Zamani mursik ilikuwa ya kila siku kwetu, ugali bila mursik haukuliwa. Tangu maziwa yaanze kuuzwa, kibuyu huwekewa wageni. Katika miaka yake tisa mchumaji wetu hakuwahi kumiminiwa kutoka kibuyu kile, kwa sababu alikunywa tulichokunywa sisi. Mama alikitikisa, akamimina katika kikombe cha maua, maziwa mazito yenye vipaku vya mkaa wa mti, akampa kwa mikono miwili.

Mwanamke yule alikitazama kikombe.

"Leo nimekuwa mgeni," alisema.

"Kunywa tu, dada," mama alisema.

Alikunywa. Kuku mmoja aliingia, akatembea hadi kwenye debe la unga, na mchumaji wetu akamfukuza kwa mguu bila kugeuka, kama alivyofanya maelfu ya mara. Kisha akainuka, akaweka epuroni juu ya kigoda alichokuwa amekalia.

"Enda nayo," mama alisema. "Ni yako."

"Hapana. Uliinunua wewe. Atakayekuja ataihitaji."

Sote watatu tulijua kwamba hakuna atakayekuja. Habari ya strungi yetu ilikuwa imeshafika kanisani.

Alinigeukia. Daftari lilikuwa pale rafuni, kati ya chumvi na kiberiti.

"Karani," alisema, akitabasamu, "andika. Epuroni moja, imerudi."

Alimshika mama mkono, mkono wenye vidole vilivyovimba, akaushika kwa wepesi wa mtu anayejua unapouma. Akatoka. Na kwa kuwa kuku walikuwa wamejaa uani, na kwa kuwa miaka yote tisa hakuwahi kuuacha unga wetu wazi, aliuvuta mlango wa mabati kutoka nje, polepole, mpaka komeo likaanguka mahali pake.