Uzi Mwekundu wa Mtondoo

Muuza miche huingia kwa jirani yake, fundi cherehani, bila hodi, akaokota vipande vya uzi mwekundu sakafuni kwa vidole vyenye udongo usiotoka hata kwa sabuni. Kila mche wa mtondoo huufunga uzi upande uliozoea jua la asubuhi, na kila mnunuzi humwagiza aupande vivyo hivyo, uzi ukitazama macheo. "Huu utakupa kivuli mwaka mzima, hauvui nguo kama miti mingine," husema kwa sauti yake ya mkwaruzo. "Ila ukiugeuza shingo, utanuna." Fundi hucheka. "Shoga yangu, tangu lini mti ukawa na shingo?" Mwenzake hacheki, kwenye mambo ya miche hana utani.

Muuza miche alipomleta mama yake mzee kuishi naye, bibi huyo alishinda akilia, akitaka arudishwe kwake. Wiki hiyo aliokota uzi kwa fundi ingawa hakuwa na mche hata mmoja wa kuuza. Jioni fundi alipokwenda kumjulia hali bibi, alikuta kitanda kimegeuzwa, kabati limesukumwa mlangoni hata mtu apite kwa ubavu, na uzi mwekundu umefungwa kwenye tendegu la upande wa dirisha. Bibi alikuwa amelala, uso umeelekea huko.

"Kwake jua lilimjia mkono huu," muuza miche alinong'ona. "Nimemleta hapa, nikamgeuza shingo."