Nilipiga pasi blanketi ya mujukuu mara ine, juu niliogopa kuishona

Wakuu wote wa hapa, jambo yenu kutoka Nchelenge, huku Zambia, pembeni ya ziwa Mweru.

Mujukuu wangu aliniambia kama mutu akiandika habari ndefu hapa, inaitwa uzi. Mimi uzi nilijua ni ile ya ku bobini. Nilifika darasa ya tatu, kisha nikashika mashini, basi musicheke maandiko yangu. Mucheke ile nitawaelezea. Yote ni kweli, na batu ba hapa karibu banaijua vizuri kupita mimi.

Mimi ni fundi. Nasema bila haya. Nilivuka ziwa kutoka Kilwa, ile ya Congo, nikiwa bado na meno yote, na mashini yangu ya miguu ilivuka na mimi mu mutumbwi, imekaa katikati kama chefu. Nimeshona uniforme za batoto ba masomo, kanzu za kwaya, hata suti ya pasta mumoja mwenye tumbo kupita futi yangu ya kupimia. Mukono wangu hautetemeki.

Sasa musikie vile mguu ulinikatalia.

Mado, mutoto wa marehemu binti yangu Bea, alipata bwana wa ku Kilwa. Siku bakwe balikuja kusemezana, nilisimama mbele yao nikasema kitanda ya Mado itafunikwa na kazi ya mikono yangu mwenyewe. Hakuna mutu aliniuliza. Ni mudomo tu.

Bien. Nikaanza kukata bipande ya bitenge ya miaka yote, na kuviunga kimoja kimoja mpaka bikakuwa kitambaa moja kubwa. Hiyo kazi niliipenda. Wiki tatu nikamaliza, na batu bakawa banapita ku nyumba kuangalia. Mimi nilikuwa nasema "aa, ni kitu kidogo", huku nafungua mulango vizuri baone yote.

Katikati kabisa niliweka kipande cha kitenge cha Bea. Ni bluu, na ndege wa njano, ukubwa wa sahani. Ni kipande cha mwisho. Ingine yote tulimuzika nayo.

Kwa bale habajui hii kazi: kuunga bipande ni nusu tu. Kisha unaweka chini shuka, katikati blanketi ya zamani, juu ile kitambaa ya bipande. Njo unapitisha mashini mu zote tatu, line kwa line, zishikane. Na mashini lazima ianzie katikati. Ukianzia pembeni, kitambaa inajikunja kama uso wangu.

Munaona shida? Singano ya mashini ingeanza kuingia ku kitenge cha Bea.

Basi nikaanza kazi ya kutoanza.

Siku ya kwanza nilisema kitambaa iko na mikunjo. Nikapiga pasi. Pasi yangu ni ya makala ya moto, nilipulizia mpaka moshi ikaniliza.

Siku ya pili nilisema mashini inakosa mafuta. Nikatia. Kumbe ilikuwa nayo, ikaanza kutoa matone kama mutu wa mafua.

Nikapiga pasi tena, na kisha mara ingine mbili.

Kisha nikasema uzi wangu hauendani na ile bluu. Nikapanda baiskeli ya kulipa mpaka soko ya Kabuta, katikati ya bale banabeba samaki, nikarudi nanuka kama samaki, na uzi bluu mu mukono. Ku nyumba, mu kopo yangu, nilikuta bobini ine za bluu ile ile.

Jirani yangu mumoja eko na suruali yenye ilipasuka ku matako. Miaka nilimukatalia, juu kitambaa ilioza. Ile wiki nilienda mwenyewe ku mulango wake kuilomba. Alifikiri niko mugonjwa.

Kila mutu aliniuliza blanketi iko wapi, nilijibu: imebakia kidogo. Miezi miwili imebakia kidogo.

Ilibakia siku tano ndoa ifike, tantine Régine akaingia. Régine ni dada ya baba ya Mado, mwanamuke mwenye sauti ya injini ya bwato. Chini ya kwapa alibeba blanketi ya duka, munene, laini, na picha ya simba amefungua kinywa. Akaitandaza ku kiti changu bila kuomba.

"Mama, usijisumbue," aliniambia. "Ile yako Mado atakuja kuichukua siku anaozesha batoto bake."

Nilimupa kiti, nikamupa maji, nikamuangalia anakunywa. Ndani nilikuwa nawaka. Kama simba angefunika ile kitanda, neno langu mbele ya bakwe lilikuwa bule, na kitenge cha Bea kingebaki mu sanduku na panya.

Alipotoka tu, nikabeba vitambaa vyote vitatu inje. Ndani ya nyumba hakuna nafasi ya kutandaza kitu kikubwa vile. Nikaenda pale tunaanika chisense, ile samaki dogo dogo kama musumari, juu ya wavu wa zamani. Batu balikuwa bamesha kuiondoa. Nikafagia. Muandike hiyo: nilifagia.

Nikatandaza shuka, blanketi, bipande. Nikavishikisha kwa uzi murefu, mpaka mugongo ukakatala kunyooka.

Asubuhi yake nikakaa ku mashini. Nikaweka katikati chini ya singano. Nikaweka mguu. Mguu ukakatala.

Nilikaa vile mpaka uji ikakuwa baridi. Mado akaja kuuliza naangalia nini. Nikamuambia naangalia singano. Akavuta kiti. Basi nikamuambia ukweli, chini chini: mashini ikikula hiki kitambaa, mama yako ameisha, hakuna ingine.

Nilifikiri atalia. Ni damu yangu, lakini ulimi wake ni wa upande wa Régine.

"Kambo," (mimi nyanya yake, njo vile ananiita) "si weye unaelezaka kama mama alinibebea mu hii kitenge na niliikojolea kila siku? Singano itaifanya nini yenye mimi sijaifanya?"

Nilitaka kukasirika. Nikacheka. Na wakati nacheka, mguu ukasukuma wenyewe.

Trrrr. Nikapita nusu ya kitenge. Kisha: kra.

Nikafunga macho. Nikasema kwa sauti, "Bea, unisamehe."

Mado akainama, akagusa, akanusa kidole. Akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa chisense. Mumoja tu, alishikamana na ile blanketi ya katikati, na singano yangu ilimupita mbavu, sawasawa chini ya ndege wa njano.

Line yenyewe ilipinda kama mutumbwi ya mulevi.

Na hapo, wakuu, woga ikaisha. Ile kitu niliogopa miezi miwili ilifika, na ilikuwa samaki.

Siku tatu nilishona. Line zingine zilinyooka, zingine hapana. Yule chisense nilimufungulia njia kwa chini, nikatoa kichwa na mwili. Mukia ulikatala. Uko mule mpaka leo.

Siku ya ndoa mama ya bwana alishika blanketi, akaigeuza, akainusa kidogo, akaniangalia. Mimi nikaangalia ziwa. Naye ni mutu wa ziwa, harufu ya chisense anaijua. Akaikunja, akaibeba mwenyewe.

Kwa haki ya Régine niseme: simba yake inaleta moto kupita yangu. Mu baridi banalala chini ya simba, yangu iko juu yake. Lakini Mado aliniambia ku telefone, mbele ya kulala anatafutaka ile line ya kupinda na kidole. Zile zenye zilinyooka hajazitaja hata moja.

Fundisho langu ni hili. Nilisema nachunga kitenge cha Bea. Uongo. Kilikuwa kimebeba mutoto, kimepanguza masufuria, kimezoea. Nilikuwa nachunga jina yangu ya fundi, njo ilikuwa mupya, haijafuliwa hata siku moja.

Sasa Mado eko na tumbo. Blanketi dogo ya mutoto, bipande nilimaliza kuunga tangu mwezi jana. Iko hapa ku magoti. Wiki hii nimeipiga pasi mara mbili, na ya tatu nilikosa makala, njo maana nimeshika telefone kuwaandikia.

Alors, muniambie na ninyi: ni kazi gani iko imekunjwa ku nyumba, na batu bakiuliza munasema imebakia kidogo? Mufungue roho, Régine hayuko hapa.

Nitasoma yote. Kujibu, nitajibu nikisha kushona line ya kwanza.