Jumamosi Niliyompa Padri Aliyenyongwa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema nitaota mizizi kwenye kochi letu hapa ughaibuni, Brooklyn Park, naye awe ananimwagilia maji. Basi fikirieni Jumamosi ya mapumziko, baada ya siku sita za kuogesha na kugeuza wazee kwenye makao yao kule Woodbury, ilikuwa na uzito gani kwangu.

Alhamisi, nesi msaidizi mwenzangu, Mfilipino, alinijia. "Kaka, nishikie zamu Jumamosi. Tuna misa ya padri wetu. Wahispania walimnyonga."

Kwetu Kenya mtu hakatai matanga, wala humhoji mfiwa. Nikasema, "Pole sana, dada," nikafanya kazi siku ya saba, theluji hadi magotini.

Niliporudi mke wangu aliniangalia nikivua viatu kama mzee wa miaka tisini. "Baba Watoto, Wahispania wananyonga mapadri siku hizi? Ulimuuliza alinyongwa lini?"

Sikuwa nimeuliza. Jumatatu nikauliza.

"Inakaribia miaka mia moja na arobaini," nesi akasema.

Nikaketi kwenye kiti cha magurudumu kilichokuwa karibu. "Dada! Hata sisi tunaopenda matanga, hufika mahali tukamwacha marehemu apumzike!"

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akanieleza. Padri yule alidai mapadri wenyeji wapewe parokia sawa na Wahispania waliokuwa wakitawala kwao. Askari walipoasi akasingiziwa kuwa mchochezi, akanyongwa hadharani kwa kukazwa pete ya chuma shingoni.

"Na kaburi lake liko wapi?" nikauliza, bado natafuta pa kuanzia kuidai Jumamosi yangu.

"Hatulijui. Walimfukia bila jina."

Babu yangu alichukuliwa na Waingereza wakati wa Hali ya Hatari, walipowasaka wapigania uhuru, asirudi tena. Nyanya alikufa bila kuonyeshwa alipozikwa. Sisi hatukuwahi kumfanyia hata misa moja. Tulimngoja, tukachoka, tukaacha.

"Jumapili hii nitakushikia zamu wewe," nesi akasema. "Ulale."

Muungwana angesema hapana, usijali. Nilifungua mdomo niseme hivyo, mgongo ukanitangulia. "Asante, dada."

Jumapili hiyo nililala mpaka saa tano asubuhi. Kisha nikampigia mama simu Nyeri, nimuulize babu alichukuliwa mwezi gani, angalau tupate siku ya kumwombea. Mama hakujua, alikuwa mtoto mdogo. Alikumbuka tu kwamba mahindi yalikuwa hayajavunwa.