Nilivyotaka Kuzifasiri Jeni za Muhogo

Hadi leo nikilikumbuka jambo hili masikio yananiwaka moto. Mimi ni mfasiri. Maabara moja hapa Wete, Pemba, iliniajiri niwaandikie wakulima wa Ole vipeperushi vya maradhi ya muhogo. Siku hiyo mkuu wetu, Dokta Zuhura, aliniomba nimpakulie orodha ya sehemu za jeni za muhogo kutoka hifadhidata iliyoko mtandaoni.

Nilipoifungua nilishtuka. Juu imeandikwa kwa Kiingereza kwamba hizi ni sehemu zisizotafsiriwa, na chini yake herufi tupu, kurasa kwa kurasa. Maelfu ya sehemu, na hakuna aliyejishughulisha kuzifasiri! Papo hapo nikawaandikia wenye hifadhidata barua kali: wazilete zote, Wapemba tutazitia Kiswahili.

Wiki iliyofuata, kikaoni, mbele ya wageni kutoka Unguja, Dokta akaniuliza, "Hamadi, barua hii umeiandika wewe?"

"Ndiyo, Dokta," nikajibu, kifua mbele.

"Wamejibu." Akasoma taratibu: "Tunashukuru, lakini anayetafsiri hapa ni seli, si mtu. Seli husoma ujumbe wa jeni ikatengeneza protini. Sehemu hizi ndizo isizozigeuza kuwa protini."

Mgeni mmoja akainamisha kichwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Dokta hakucheka. Akavua miwani, akaigeuza barua yangu kunielekea.

"Subhanallah, Hamadi! Na hapa chini, mbona umetia jina langu?"