Nyasi za Ngomeni

Siku ile naikumbuka kwa nyayo, mwanangu. Mawe ya India yana moto wake, na mimi niliyakanyaga pekupeku saa nane mchana, mtu mzima, viatu vyangu vizuri vya ngozi nimeviacha chini kwenye ngazi. Kaa hapa nikusimulie. Simu iweke pembeni kwanza, maana ndiyo iliyonifanya nikuite.

Nilikuwa kijana, dereva wa wageni. Nawashusha kreta ya Ngorongoro asubuhi, nawapandisha jioni, na nilijiona nimefika. Nilikuwa na kofia pana, darubini, Kiingereza cha kutosha, na kamera ndogo niliyoachiwa na mgeni mmoja akirudi kwao. Kila tulipokaribia boma niliwageukia wageni wangu na kuwaonya: humu ndani hapigwi mtu picha bila kuombwa. Nililisema kwa sauti nzito, na kusema kweli nilipenda kujisikia nikilisema.

Mwaka huo moyo wa bibi yako ukaanza kumsumbua. Yeyo, ndivyo tulivyomwita mama, alikuwa akipanda kilima kidogo tu anasimama, midomo imebadilika rangi. Madaktari wakasema mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, na wa kuutengeneza wako India. Ukoo mzima ukachanga. Nikachaguliwa mimi kumsindikiza, kwa sababu ya hicho Kiingereza. Basi Yeyo, ambaye safari yake ndefu ilikuwa kuja hapa Karatu, akapanda ndege amejifunga shuka lake, akamuuliza mhudumu kama maziwa waliyonayo ni ya leo.

Nyumba tuliyofikia ilikuwa karibu na hospitali. Dirishani ilionekana ngome kongwe juu ya kilima, kuta ndefu za mawe, na kwa ndani vilele vya mahekalu. Siku ambayo alitakiwa kulazwa jioni, apasuliwe kesho yake asubuhi, Yeyo alikaa pale dirishani muda mrefu.

"Lile boma ni la nani?" akaniuliza.

"La mfalme wa zamani, Yeyo. Alishakufa."

"Ng'ombe wake walikuwa wangapi, mpaka akajenga ua wa mawe namna ile?"

Nikacheka. Daktari alikuwa ameruhusu atembee kidogo, nikakodi bajaji ikatupandisha mpaka langoni. Huwezi kuamini furaha ya mama yule. Alipapasa kuta, akatafuta kwa macho mahali walipolala ndama, akakuta mbuzi wawili wanakula kando ya ukuta akawasalimia kama watu wa nyumbani. Tulipofika hekalu la kwanza alivua makubazi yake kabla hajaambiwa na mtu. Juu ya mlango palichongwa mungu wao mmoja mwenye kichwa cha tembo. Yeyo akamtazama, akanivuta mkono.

"Huyu si yule tembo mzee anayeshuka kreta kula jioni? Kumbe na huku anafika!"

Alicheka mpaka akalazimika kukaa kwenye ngazi. Nikasema moyoni, ngoja nipate picha ya tembo huyu akiwa ndani mwenyewe, nikawaoneshe wa nyumbani.

Ndani palikuwa na pazia limefungwa. Mbele yake waliketi kina mama wachache, wametulia, wanasubiri. Sikuuliza wanasubiri nini. Mimi, mtu wa kuwafundisha wengine adabu, nilinyanyua lile pazia kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili nikapiga picha.

Nyuma ya pazia alikuwepo mzee, kifua wazi, anaiosha ile sanamu taratibu na kitambaa. Ilikuwa bado haijavishwa. Mwanga wa kamera ukampiga usoni. Hakunifokea. Alisimama haraka akaikinga sanamu kwa mwili wake, akafunika uso kwa mkono uliokuwa unadondosha maji, akatikisa kichwa. Nikapiga ya pili. Wale kina mama wakaanza kunong'ona, nikatoka nje nikiwa nimeudhika, kana kwamba mimi ndiye niliyekosewa.

Yeyo alikuwa mlangoni, ameona yote.

"Twende, bajaji inasubiri," nikamwambia. "Hospitali wanatutaka kabla ya saa kumi na mbili."

Akashuka mpaka ngazi ya chini, akakaa.

"Unamkumbuka yule mgeni aliyenipiga picha nikimnyonyesha dada yako?" akasema. "Nilifunika kifua, akazunguka upande wa pili akapiga tena."

"Namkumbuka."

"Leo nimemwona. Amevaa shati lako."

Nikamwambia, Yeyo, hawa hatuwajui, kesho kutwa wametusahau. Nikamwambia yule ni mlinzi tu wa mawe. Maneno hayo niliyasema mimi, mwanangu, kwa kinywa hiki unachokiona.

"Kesho wananifungua kifua," akasema. "Silali kwenye kitanda chao huku mzee wa watu ana kinyongo na damu yangu. Wewe nenda hospitali. Mimi nakaa hapa."

Nilimjua mama yangu. Angekaa. Na kama angekaa, kitanda angepewa mwingine, nasi tungerudi Ngorongoro na moyo uleule, nikamzike. Nikasema basi, nitaomba radhi, lakini kwa lugha gani? Kiingereza yule mzee hakijui, Kihindi mimi sikijui.

Yeyo akainama kwenye ufa wa mawe, akachuma nyasi mbichi, akanikabidhi.

Unajua kwetu nyasi ni nini. Ukimjia mtu umezishika mkononi, hata awe na hasira kiasi gani, hakupigi. Umekuja kwa amani. Lakini nilizionea aibu. Watalii wamejaa, nami na kofia yangu, eti nishike nyasi kama mchungaji wa kijijini Engaresero. Nikautazama uso wa Yeyo, midomo ile. Nikavua kofia. Nikavua viatu palepale chini, nikapanda, na kila ngazi iliniunguza.

Mzee alikuwa amekaa mlangoni na kitambaa chake chenye maji. Nikapiga magoti, nikanyoosha mkono wenye nyasi. Kisha nikafungua mgongo wa kamera, nikaivuta filamu yote nje, juani, mbele yake. Ilikuwa na picha za safari nzima: Yeyo uwanja wa ndege, Yeyo na glasi yake ya maziwa, Yeyo na wale mbuzi. Zote zikaungua. Ulikuwa unaniuliza kwa nini nyumba hii haina picha ya bibi yako akiwa India. Jibu ndilo hilo.

Mzee aliitazama filamu, akanitazama mimi, akamtazama mama aliyekaa chini kwenye ngazi. Akazipokea nyasi kwa mikono miwili. Akaingia nazo ndani, akaziweka miguuni pa yule mwenye kichwa cha tembo, akarudi na tatu. Akashuka ngazi zote zile, na magoti yake mabovu, akazitia kiganjani mwa Yeyo na kukifunga kwa mikono yake. Dereva wa bajaji ndiye aliyenieleza njiani kwamba mungu huyo huletewa nyasi kila siku. Sisi hatukujua. Nililia ndani ya bajaji, wala sikujificha.

Yeyo alipasuliwa, akaamka, akaishi miaka ya kukubeba wewe mgongoni. Zile nyasi tatu alizitunza kwenye kikopo chake cha ugoro, tukamzika nazo.

Sasa nikuambie wazi. Uso wa mtu ni wake, awe mfalme au awe amesinzia. Kabla hujanyanyua pazia la mtu, uliza nyuma yake kuna nani. Na ukikosa, nenda mwenyewe kwa miguu yako.

Ile video ya Jumamosi nimeoneshwa. Yule mzee wa Engaresero amelala kituo cha basi, mdomo wazi, bahasha ya dawa kifuani, nawe umemwekea muziki. Wote hapa Karatu wamecheka. Ifute, uwaombe na uliowatumia waifute. Mzee yuko kwa binti yake nyuma ya soko mpaka Ijumaa, anasubiri kliniki. Mvua imenyesha, nyasi ziko hapo nje ya mlango.

Enkai, Mungu wetu, akutangulie, mwanangu. Akupe uzee mrefu na watu wa kukufunika shuka unaposinzia. Alainishe moyo wa mzee yule kama alivyoulainisha wa yule wa ngomeni. Nenda sasa, wala usinipigie simu kuniambia umeshaomba radhi. Njoo unioneshe nyasi alizokurudishia.