Herufi Iliyofutwa Mlangoni

Kompyuta ya baba yangu ilinuka vumbi lililoungua. Ukiiwasha, feni yake ililia kwa muda mrefu kabla ya kioo kupata mwanga, kisha harufu hiyo ikajaa sebuleni kwetu Sironga na kuchanganyika na ile ya majani ya ng'ombe yaliyotoka kukatwa. Baba alikuwa karani katika ofisi moja mjini Nyamira. Alikuwa ameinunua mashine hiyo kwa kazi zake, akaichoka, akaniachia. Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na likizo ya Desemba ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Wenzangu walishinda mashambani wakichuma chai, nami nilichuma asubuhi kama wao, lakini kila alasiri nilikuwa najenga nyumba. Najua neno kujenga linachekesha kwa kitu kisichotoka nje ya kioo, ila mpaka leo sijapata neno jingine.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa matofali. Unapewa uwanda mtupu na matofali ya rangi chache, halafu unaachwa ufanye utakalo. Wengi waliucheza kwa kukimbizana na kupigana, lakini kwenye mtandao nilikutana na watu walioutumia kwa namna nyingine. Walijenga mahali, wakafungua milango, wakawaalika wageni kutoka popote duniani waingie kutembea. Walijiita wasanii. Mwanzoni nilicheka, kwa sababu msanii niliyemjua mimi alikuwa mtu wa kupiga gitaa harusini. Kisha siku moja niliingia katika kazi ya mtu nisiyemjua, chumba kimoja tu chenye kiti kimoja, na mvua ikinyesha ndani yake. Nilikaa humo mpaka chakula changu kikapoa. Picha ya ukutani unaitazama kisha unaenda zako. Hii nilikuwa nimeingia ndani yake, na nilipotoka nilijihisi nimelowa.

Mimi nilijenga nyumba ya mama. Mama alikuwa ameondoka kwetu mwaka mmoja kabla ya hapo, baada ya ugomvi ambao hadi leo kila mmoja wao anausimulia kwa namna yake. Alipanga chumba nyuma ya soko la Nyakoe akawa anauza ndizi. Nyumba yake ya udongo, iliyokuwa kando ya migomba, baba aliibomoa. Aling'oa mabati, akaangusha kuta, akapanda majani ya ng'ombe hapo hapo. Haikubaki picha hata moja. Na kuta zile watu walikuwa wakisimama njiani kuzitazama, maana mama alizipaka udongo mwekundu kwa viganja vyake, kisha akachora juu yake kwa udongo mweupe na majivu, mistari iliyopinda na kukutana na kupinda tena, kila mwaka mchoro mpya. Nilikuwa nimeanza kuisahau. Nikifumba macho niliona mlango lakini sikuona kilichozunguka mlango, na hilo lilinitia hofu kuliko hata ugomvi wao.

Kila Jumapili baba aliniruhusu kwenda Nyakoe. Ruhusa ilikuwa yake, na angeweza kuiondoa asubuhi yoyote aliyoamka vibaya. Basi nilikuwa naketi kibandani na mama na kumuuliza maswali.

"Ule mstari wa juu ya dirisha uliishia wapi?"

"Kwenye kona ya mlango," akasema. "Kwani umewekewa mtihani wa nyumba yangu?"

"Nataka tu kujua."

Alinitazama kidogo, akachovya kidole kwenye ndoo ya maji, akanichorea mstari wote juu ya ubao wa kuuzia. Nilikuwa na muda mfupi tu wa kuukariri kabla haujakauka. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiuchora pajani kwa kidole, abiria wenzangu wakidhani nina upele. Nyumbani nikaupanga tofali kwa tofali. Tofali moja lilikuwa nene mno kwa mstari mwembamba, kwa hiyo ili mpindo mmoja wa mama uonekane ilibidi ukuta uwe mrefu ajabu, na nyumba iliyokuwa na vyumba viwili ikawa na ukubwa wa kanisa. Juu ya mlango nikaandika ENYOMBA YA BABA. Kwa Ekegusii, lugha yetu, enyomba ni nyumba, na baba ni mama. Yule ambaye Waswahili wanamwita baba, sisi tunamwita tata. Mwalimu wetu wa darasa la kwanza aliteseka sana na jambo hilo. Kila alipotuagiza tuje na baba, tulimletea mama zetu, nao wakaja na leso zao za Sabato wakidhani kuna sherehe.

Mwezi Januari, mwanamke mmoja wa Mombasa, Bi Salma, aliyekuwa akiandaa maonyesho ya mtandaoni ya kazi zilizofanywa ndani ya michezo, aliichagua nyumba yangu. Jumapili iliyotangulia maonyesho nilimwambia mama kila kitu. "Nimeirudisha nyumba yako," nikamwambia, "na watu watakuja kuitembelea." Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaenda kwa jirani yake mwenye duka kuomba simu ya kutazamia. Baba naye alikuwa amesikia habari za kuchaguliwa kwangu tu, hakujua nimejenga nini. Siku ilipofika alivaa koti, akaweka kiti chake nyuma ya changu.

Wageni waliingia mmoja mmoja, vijitu vya matofali vya kila rangi, vikasimama mbele ya ukuta. Bi Salma alikuwa akieleza kwa Kiswahili chake kitamu cha pwani.

"Hapa mwanetu ameandika 'enyomba'," akasema. "Kidole kimemteleza tu, nami nimelirekebisha kwenye maelezo. Nyumba ya Baba! Kerubo, mwanangu, michoro hii yote ni ya baba yako?"

Nilisikia pumzi ya baba ikisimama. Alikuwa ameitambua nyumba tangu mpindo wa kwanza, na neno lililo juu ya mlango alilijua vizuri kuliko mimi. Alishika mgongo wa kiti changu, basi. Hakunifinya, hakuninong'oneza. Mimi ndiye niliyefikiri habari ya Jumapili, na njia ya Nyakoe, na nani mwenye ruhusa.

"Ndiyo," nikasema.

"Na baba yupo hapo?"

"Yupo."

Vijitu vikaanza kurukaruka, maana ndivyo vilivyopiga makofi. Baba akainama kwenye maikrofoni akasema, "Asanteni sana." Nimemkasirikia kwa asante ile miaka mingi, kuliko nilivyomkasirikia kwa kubomoa.

Jumapili iliyofuata nilimkuta mama akipanga ndizi. Nililia kabla sijafika. Alinipa kigoda nikae, akasubiri ninyamaze.

"Hukudanganya," akasema. "Kwa Ekegusii ulisema kweli."

Aliyasema maneno hayo kwa upole, ndiyo maana yalinichoma. Nilipomuuliza kuhusu mchoro wa ukuta wa nyuma, ambao nilikuwa sijaumaliza, alisema amesahau. Hakuwa amesahau. Hakunichorea tena, siku ile wala siku nyingine yoyote, na ule ukuta wa nyuma umebaki mwekundu mtupu.

Sasa nina miaka ishirini na sita na kazi yangu ni hiyo hiyo, kujenga mahali ambapo watu huingia kwa kutumia kioo, katika chumba cha ghorofani mjini Kisii chenye mashine zisizonuka. Mstari mwembamba leo ni mwembamba. Kile nilichokihangaikia likizo nzima ningekimaliza kwa siku mbili, kama kungekuwa na mtu wa kunielekeza. Maonyesho yale bado yapo mtandaoni na wageni bado wanaingia. Mwaka huu nilimwandikia Bi Salma na kumweleza ile herufi aliyoifuta, na kwamba baba wa mlangoni ni mama. Aliumia sana, akaomba radhi, akaniuliza jina la mama ili aliweke mlangoni siku hiyo hiyo.

Nilimpigia mama simu nikifurahi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Usiandike," akasema. "Watu wakiona jina langu watauliza nyumba yenyewe iko wapi. Mimi nimeshazoea kutoulizwa."

Nilimwambia nitawajibu mimi, nitawaeleza wote, hata mbele ya tata. Akasema anajua ningeweza. Wakati ule mama alihitaji neno moja tu kutoka kwangu, nikalimeza. Siku hizi siogopi kusema mbele ya yeyote, na ni yeye anayeniomba ninyamaze.